Jirani yangu wodini hatuachi tulale: nimwambie mwenyewe au nimwachie muuguzi?

#1 Mshono Mbichi

Wanajamvi, salaam. Nimelazwa kwa ajili ya upasuaji wa tumbo katika wodi ya vitanda sita, na mpaka sasa kidonda kinaendelea vizuri kuliko usingizi wangu. Jirani yangu wa upande wa kulia huwasha simu yake kwa spika mara tu taa kubwa zinapozimwa. Kwanza huwa ni video fupi fupi, kila moja ikirudia kipande kilekile cha sauti kabla hajaipitisha, kisha hufuata mazungumzo na jamaa zake ambayo hufika usiku wa manane. Pazia lililo kati yetu hulifungua bila kuuliza, hata wakati muuguzi ananifunga kidonda. Wageni wake, kwa kuwa kiti ni kimoja, hukalia ukingo wa kitanda changu miguuni kwangu, na kila anayekaa hapo huuvuta mshono kwa namna ambayo aliyewahi kupasuliwa tumbo ataielewa. Jana alifanya lililonichoma zaidi: alimsimulia mgeni wake, kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni, yale ambayo daktari aliniambia wakati wa raundi.

Muuguzi wa zamu amekwisha kumwomba apunguze sauti. Hupunguza, na muuguzi akishavuka mlango tu, huirudisha palepale. Mwenye uzoefu anisaidie: mtu wa namna hii huambiwa mwenyewe uso kwa uso, au mgonjwa anyamaze na kuwaachia wenye wodi? Na je, huu ni utovu wa adabu, au kuna maradhi ndani yake ambayo mimi siyaoni?

#2 Zamu ya Usiku

Pole sana. Nimefanya kazi ya uuguzi kwa miaka mingi, sehemu kubwa ikiwa ya usiku, na malalamiko ya aina hii nimeyapokea mara nyingi kuliko malalamiko kuhusu dawa. Ushauri wangu ni kwamba uanzie kwa muuguzi, lakini ubadilishe namna unavyomweleza. Ukisema "jirani ananisumbua", muuguzi mwenye wagonjwa wengi husikia na kusahau kabla hajafika kitanda cha mwisho. Ukisema "sikulala tangu saa tano, maumivu yamezidi, na nimelazimika kuomba dawa ya maumivu tena", hiyo ni taarifa ya kitabibu, kwa sababu kukosa usingizi humfanya mtu ahisi maumivu kwa ukali zaidi. Taarifa hiyo huandikwa kwenye faili na kusomwa wakati wa makabidhiano ya zamu, na kilichosomwa kwenye makabidhiano hakimtegemei tena mtu mmoja aliyeondoka asubuhi.

Mchana, mwombe msimamizi wa wodi aje kitandani kwako, umweleze mambo yote manne: simu, pazia, wageni na siri yako. Usitegemee kwamba atakuambia jirani anaumwa nini. Hawezi, na hapaswi, na siku ambayo jirani atauliza habari zako utashukuru kwamba hawezi.

#3 Kalamu ya Risasi

Kwa heshima zote kwa Zamu ya Usiku, mimi nasema mwambie mwenyewe. Mtu aliyeshtakiwa kwa muuguzi bila kuambiwa kwanza hujiona amedhalilishwa mbele ya wodi nzima, na baada ya hapo hutabaki na jirani mwenye kelele tu, utakuwa na jirani mwenye kinyongo. Nililazwa kwa mfupa wa paja uliovunjika, na aliyekuwa mbele yangu aliwasha redio kabla ya mapambazuko kila siku. Nilingoja mchana, nikamsalimia kwa jina, nikamuuliza hali, kisha nikamwomba jambo moja tu: redio isiwashwe kabla ya chai. Hatukurudia tena mazungumzo hayo.

Siri iko katika kuomba jambo moja, lenye saa yake, ukiwa umetulia. Usimwambie "una kelele", kwa sababu hilo ni tusi analoweza kulikana. Mwambie "naomba spika izimwe kuanzia saa tatu", kwa sababu hilo atalikubali au atalikataa. Na kama atakataa, ujue kwamba sheria iko upande wako: Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha desibeli 50 wodini wakati wa usiku.

#4 Mwana wa Bi Mkubwa

Kabla hamjamhukumu, chunguzeni masikio yake. Mama yangu alipolazwa, visaidizi vyake vya kusikia vilivuliwa kabla ya upasuaji, vikatiwa ndani ya bahasha, na bahasha ikasahauliwa chini kabisa ya droo pamoja na viatu. Kwa siku kadhaa alizungumza kwa kupaza sauti na kuongeza sauti ya simu hadi mwisho, na wodi nzima ilimwona mama asiye na adabu. Muuguzi mmoja alipomwandikia ombi kwenye karatasi, alishtuka na akazima simu papo hapo, maana hakuwa na habari kabisa kwamba alikuwa akisikika.

Mwangalie jirani yako, Mshono Mbichi. Je, hutazama midomo ya anayezungumza naye? Hujibu jambo ambalo hakuulizwa? Hugeuza kichwa upande mmoja kila anaposemeshwa? Kama ndiyo, mwandikie.

#5 Mshono Mbichi

Ahsanteni sana. Mwana wa Bi Mkubwa, nimelifikiria hilo, lakini mkewe alipomnong'oneza jambo jana jioni alijibu bila kusita. Tena, anayeishusha sauti muuguzi anapokuja na kuipandisha anapoondoka, kwa maoni yangu, anaisikia vizuri kabisa.

#6 Kidonge Kimoja

Masikio ni sababu moja tu kati ya kadhaa, na kila moja ina dawa yake, ndiyo maana inafaa kuzitenganisha.

Kuna dawa zenyewe. Prednisoloni na deksamethasoni hutolewa wodini kwa maradhi mengi, na huwafanya baadhi ya watu wakose usingizi, wawe na maneno mengi na wasiweze kutulia. Ndiyo maana madaktari hupendelea zitolewe asubuhi. Mgonjwa anayepewa dozi ya jioni anaweza kukesha na simu yake bila kujua kwamba kinachomkesha ni kidonge.

Kuna kukatishwa sigara ghafla. Mvutaji aliyelazwa huanza kuhangaika ndani ya saa chache, na siku chache za mwanzo ndizo kali zaidi. Huwa mkali, hakai mahali pamoja, na kila jambo dogo humkera. Kwa wengi, viraka vya nikotini hupunguza hali hiyo, lakini ni lazima mtu amwambie daktari kwamba anavuta.

Kuna pia kuchanganyikiwa kwa ghafla, ambako huwapata hasa wazee wanaougua. Huletwa na maambukizi, upungufu wa maji mwilini, mkojo uliozuilika, choo kigumu, maumivu au dawa, na huzidi usiku. Mtu huyo huvuta pazia, hung'oa mpira wa dripu, humwita mtu asiyekuwepo, na asubuhi hakumbuki kitu. Kumkaripia mgonjwa wa namna hiyo hakumsaidii yeye wala wewe. Anahitaji daktari amtazame upesi, kwa sababu kuchanganyikiwa huko mara nyingi ndiyo ishara ya kwanza kwamba kuna jambo limeharibika mwilini.

Kwa maelezo ya #1, hata hivyo, sioni dalili za hali hii ya mwisho. Aliyechanganyikiwa hapangi sauti kufuata nyayo za muuguzi.

#7 Kalamu ya Risasi

Kidonge Kimoja, ukiendelea hivi, kila mkorofi atatoka wodini na cheti cha daktari cha ukorofi wake. Wapo watu ambao nyumbani huwasha simu kwa spika, kwenye basi huwasha kwa spika, na wakilazwa hawabadiliki. Kuugua hakumpi mtu tabia mpya kila mara; mara nyingi humletea hadhira tu.

#8 Fundi Sauti

Naomba kumsahihisha Kalamu ya Risasi katika #3, kwa sababu vipimo vya sauti ndiyo kazi yangu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1999 unapendekeza wastani wa desibeli 30 ndani ya wodi usiku, na kilele kisichozidi desibeli 40. Si 50, na wala si sheria, ni mapendekezo. Tofauti hiyo si ndogo. Kipimo hiki hupanda kwa namna ambayo kila ongezeko la desibeli 10 ni nishati ya sauti mara kumi zaidi, hivyo kati ya 30 na 50 kuna mara mia moja. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili walio karibu hufika desibeli 60 hivi.

Lakini tusimbebeshe jirani mzigo wote. Watafiti waliopima kelele katika hospitali ya Johns Hopkins, Marekani, na kulinganisha na vipimo vya zamani vya hospitali mbalimbali, walichapisha matokeo yao mwaka 2005: mchana wastani ulikuwa umepanda kutoka desibeli 57 mwaka 1960 hadi 72, na usiku kutoka 42 hadi 60. Chanzo ni mashine zinazolia, vipaza sauti, feni na mitambo ya hewa, toroli, milango, na wafanyakazi wanaolazimika kuzungumza juu ya hayo yote. Ukuta wa wodi ni mgumu na laini ili usafishike kwa urahisi, na ukuta wa namna hiyo hurudisha sauti badala ya kuimeza. Jirani wa Mshono Mbichi huenda anapandisha sauti ya simu yake ili ishinde kelele ambayo sisi tumekwisha kuizoea.

#9 Taa ya Karai

Niulize hapohapo kabla mada haijasonga: na anayekoroma? Baba yangu amelazwa karibu na mtu anayekoroma hadi vikombe vinatikisika, na familia yake imekasirika tulipolitaja. Ni haki kumlalamikia mtu kwa jambo analolifanya akiwa usingizini?

#10 Zamu ya Usiku

Taa ya Karai, usilipeleke kama lalamiko, lipeleke kama taarifa. Sikilizeni kama mkoromo unakatika, kunakuwa kimya kwa sekunde kadhaa, kisha anashtuka kwa kuvuta pumzi kwa nguvu. Hiyo inaweza kuwa hali ya njia ya hewa kujifunga usingizini, na mgonjwa wa namna hiyo akipewa mofini au dawa za usingizi baada ya upasuaji, pumzi yake inaweza kupungua kwa kiwango cha hatari. Mimi ningetaka kuamshwa na taarifa hiyo usiku wowote. Kuna mashine ya kusukuma hewa kupitia barakoa kwa ajili ya hali hii, aliyoibuni Colin Sullivan huko Australia na kuitangaza mwaka 1981, na inapofanya kazi vizuri, mkoromo hunyamaza.

Kama ni mkoromo wa kawaida, kumlaza ubavu au kuinua upande wa kichwa cha kitanda husaidia, iwapo upasuaji wake unaruhusu. Baba naye apewe viziba masikio. Tafiti katika vyumba vya wagonjwa mahututi zimeonyesha kwamba viziba masikio pamoja na vifuniko vya macho huboresha usingizi. Ila muuguzi ajue kwamba amevivaa, asije akaitwa asiitike watu wakaanza kukimbia.

#11 Nyota ya Alfajiri

Mnazungumzia wakorofi, lakini mimi niliwahi kuogopeshwa zaidi na jirani mwema. Nilikuwa nimeambiwa nisile chochote kwa sababu ya upasuaji wa asubuhi. Mama wa kitanda cha pembeni alinihurumia usiku mzima, na alfajiri akaniwekea chakula juu ya kimeza changu akisema madaktari hawana huruma. Ningekila, upasuaji ungeahirishwa, au vibaya zaidi, kingerudi kutoka tumboni na kuingia mapafuni nikiwa nimelazwa kwa nusukaputi.

Mama huyohuyo alijifunza kitufe cha kunyamazisha pampu ya dripu. Kila ilipolia alinyoosha mkono akaibonyeza ili "tupumzike kidogo". Mpira wangu ulikuwa umepinda kwenye kiwiko, dawa haikupita, na hakuna aliyejua hadi muuguzi alipokuja kwa jambo jingine akaukuta mkono umevimba pale sindano ilipoingia. Nilishindwa kumwambia kwa sababu alikuwa mkarimu kwangu kuliko watu wengi. Nikamwambia muuguzi, naye akamwelimisha bila kunitaja. Kwa hiyo, Kalamu ya Risasi, ushauri wako wa uso kwa uso si wa kila hali.

#12 Kalamu ya Risasi

Nakubaliana nawe, dada Nyota, kwa lolote linalogusa dawa au mashine. Hapo ni muuguzi tu, tena mara moja. Mimi nazungumzia simu na redio.

#13 Pazia Zito

Nashangaa kwamba jambo zito kuliko yote katika #1 limepitwa kama upepo. Simu hukera, lakini kutangaza ugonjwa wa mtu ni jambo jingine. Mimi namlaumu jirani kwa kusimulia, ila namlaumu zaidi aliyelisema jambo hilo kwa sauti ya kusikika kitanda cha pili. Pazia huzuia macho, halizuii masikio, na bado madaktari husimama miguuni mwa kitanda wakazungumza kana kwamba kitambaa hicho ni ukuta.

Mshono Mbichi, unayo haki ya kusema kabla ya raundi kuanza: "Daktari, naomba tuzungumze kwa sauti ya chini, au majibu yangu tuyazungumzie chumba cha pembeni." Kama huwezi kutembea, omba waandike. Nimemwona mgonjwa aliyeandika maswali yake kwenye daftari na kulikabidhi, na daktari akajibu kwa kalamu hapohapo. Hakuna aliyekasirika, na wodi haikupata cha kusimulia. Ulizia pia kama jirani hapigi simu za video kamera ikielekea kwako. Watu wengi hawalitambui hilo hadi wanapoambiwa na ndugu wa mbali kwamba wamewaona wamelala.

#14 Mke wa Nahodha

Niseme kutoka upande wa pili. Mume wangu alikuwa jirani wa namna hiyo. Alipolazwa kwa ajili ya uvimbe uliokuwa ukisubiri majibu ya maabara, alinipigia simu kila usiku na hakutaka nikate, hata kama hatukuwa na la kusema. Tukimaliza, aliwasha chochote chenye sauti ya watu. Yeye ni mtu mkimya nyumbani. Alinieleza baadaye kwamba wodi ilipokuwa kimya, alisikia pumzi za wagonjwa wengine na akaanza kuzihesabu, akingoja moja ikatike. Simu ilikuwa inamwokoa na hesabu hiyo.

Aliyemsaidia alikuwa mgonjwa mwenzake mzee, ambaye hakumkemea. Alimuuliza mchana: "Bwana mkubwa, usiku unaogopa nini?" Kisha wakapatana kwamba mume wangu atavaa vifaa vya masikioni, na akishindwa kulala atamwamsha mzee waongee kwa kunong'ona. Sisemi kwamba kila mwenye kelele ana hofu. Nasema mzee yule aliuliza, na hakuna mwingine aliyeuliza.

#15 Kidonge Kimoja

Dada yangu Mke wa Nahodha, ahsante kwa ushuhuda huu. Nina neno moja kuhusu kunong'ona, kwa sababu wengi huwashauri wageni wanong'one. Florence Nightingale, muuguzi maarufu wa Uingereza, aliandika mwaka 1859 kwamba kelele isiyo ya lazima ni ukatili kwa mgonjwa, na katika maelezo hayohayo aliulaani mnong'ono ndani ya chumba cha mgonjwa, kwa kuwa mgonjwa hujikaza kuusikia akidhani ni habari zake. Sauti ya chini iliyo wazi ni bora. Na wageni watoke nje kama wanaweza.

#16 Mshono Mbichi

Nawaletea mrejesho. Nilichanganya ushauri wa Kalamu ya Risasi na wa mzee wa Mke wa Nahodha. Baada ya chakula cha mchana nilimgeukia, nikamsalimia, nikamwomba spika izimwe kuanzia saa tatu usiku, kisha nikamuuliza kwa nini halali. Alikaa kimya kwa muda, akaniambia kwamba akilala chali anahisi kama anazama, kwa hiyo hukaa kitako usiku kucha, na simu ndiyo inayompitishia saa. Kuhusu pazia alisema likifungwa anahisi hewa imekwisha. Alikubali kuhusu simu, na usiku wa jana alitumia vifaa vya masikioni vya mwanawe. Nimelala kiasi.

Sikumuuliza kuhusu wageni wala kuhusu kusimulia habari zangu, maana niliona nikiyaweka yote pamoja nitayapoteza yote.

#17 Zamu ya Usiku

Mshono Mbichi, umefanya vizuri, na sasa nakuomba ulifikishe kwa muuguzi leo, kwa ridhaa yake, au umhimize alifikishe mwenyewe. Mtu anayeshindwa kulala chali kwa sababu ya pumzi anapaswa kuonwa. Huenda madaktari wanajua tayari na ndilo lililomleta hapo. Huenda aliwaambia kwamba "analala vizuri", kama wanaume wengi wanavyojibu kwenye raundi. Moyo unaposhindwa kusukuma damu vizuri, maji huweza kujaa mapafuni na mgonjwa huzidiwa anapolala bapa. Mapafu yenyewe yanaweza kuleta hali hiyo pia. Siwezi kujua kutoka hapa. Akizidiwa usiku, akahema kwa kasi, midomo ikabadilika rangi au akashindwa kumaliza sentensi, bonyeza kengele wewe mwenyewe bila kumngoja.

Kuhusu pazia, feni ndogo inayopuliza usoni huwapunguzia wengi hisia ya kukosa pumzi. Aiombe. Ikipatikana, pazia linaweza kufungwa wakati wa kufungwa kidonda chako bila yeye kuteseka. Kubadilishana vitanda kunawezekana, ila kusikuvunje moyo kama kutakataliwa: vitanda hupangwa kwa kufuata ilipo oksijeni ukutani, nani anahitaji kuonwa kutoka meza ya wauguzi, na nani hapaswi kukaribiana na nani kwa sababu ya maambukizi.

#18 Mwana wa Bi Mkubwa

Mimi bado sijaachana na masikio. Mshono Mbichi, mke aliponong'ona, jirani alikuwa akimwona uso? Watu waliopoteza kusikia polepole huwa mahodari wa kusoma midomo ya wenzi wao.

#19 Mshono Mbichi

Walikuwa wanatazamana, ndiyo.

#20 Kalamu ya Risasi

Wapendwa, sasa tunaye mtu mwenye moyo dhaifu, masikio dhaifu, hofu ya usiku, na kidonge cha jioni, na hatujamwona hata mmoja wetu. Nakubali kuhusu pumzi, kwa kuwa amelisema mwenyewe. Lakini nionyesheni ugonjwa unaomfanya mtu asimulie majibu ya mwenzake kwa mgeni. Na alishusha sauti kwa muuguzi kwa sababu alijua. Anayekosa usingizi anaweza kukesha kimya. Alipoombwa na mtu aliyelala mita moja kutoka kwake, aliweza, tena usiku uleule.

#21 Mke wa Nahodha

Aliweza kwa sababu aliulizwa, ndugu yangu.

#22 Kalamu ya Risasi

Au kwa sababu aliombwa jambo moja lenye saa yake.

#23 Fundi Sauti

Au kwa sababu mwanawe alileta vifaa vya masikioni. Hospitali nyingi zingepunguza nusu ya ugomvi huu kwa kuwa na vifaa hivyo vya kuazimisha, vyenye vifuniko vya kutupwa kwa ajili ya usafi.

#24 Pazia Zito

Turudi kwa wageni, kwa sababu hilo ndilo halijashughulikiwa. Kukalia kitanda cha mgonjwa mwingine ni suala la usafi kabla ya kuwa suala la adabu. Nguo na mikono ya mgeni hubeba vijidudu kutoka kitanda kimoja hadi kingine, na mwenye mshono mbichi ndiye wa kwanza kuvihofia. Tena wengi hudhani wakipaka dawa ya mikono yenye spiriti wamemaliza. Vipo vijidudu vya kuharisha, hasa kile kinachoitwa *Clostridioides difficile*, ambavyo mbegu zake haziuliwi na spiriti. Sabuni na maji ndivyo vinavyoziondoa. Mwambie muuguzi kwamba wageni wanakalia kitanda chako na kwamba unahofia kidonda. Atawaondoa kwa jina la usafi, na jirani hatajua kwamba umelalamika.

Usimwombe jirani awazuie wageni wake mwenyewe. Mgonjwa hana nguvu hiyo mbele ya jamaa waliotoka mbali kuja kumwona, na mara nyingi yeye mwenyewe amechoka nao kuliko wewe.

#25 Mshono Mbichi

Nimemwambia muuguzi wa asubuhi yote mawili, wageni na kidonda, na amebandika karatasi juu ya kitanda changu. Suala la pumzi jirani amelieleza mwenyewe. Daktari amemsikiliza kifua na kitanda chake kimeinuliwa upande wa kichwa. Feni haijapatikana. Kwa raundi ya kesho nimeandika maswali yangu kwenye daftari kama Pazia Zito alivyoshauri.

Bado nina swali moja. Mkewe amekuja leo, amesimama kwa sababu ya ile karatasi, na ameniuliza waziwazi, tena kwa upole, kama majibu yangu yalitoka vizuri. Anayajua kwa sababu mumewe alimsimulia. Nimjibuje bila kumvunjia heshima?

#26 Zamu ya Usiku

Mwambie: "Nashukuru kwa kunijali, mama, hayo nayazungumza na daktari wangu." Kisha muulize yeye amelala vipi. Na kiti kikipatikana, mwombee.